Hati ya Bi Tausi na Kiarabu Nilichosema Nakijua

Sikujua Kiarabu. Ni maneno mawili tu, na nimeyakana kwa miaka thelathini na miwili: mbele ya shangazi yangu, mbele ya jamaa zangu wote wa Dunda, Bagamoyo, mbele ya wahariri walioniita mtaalamu wa maandishi ya kale ya pwani, na mbele ya chuo kilichonipokea kufanya shahada ya uzamivu nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Kwenye fomu yao palikuwa na mahali pa kujaza lugha. Penye Kiarabu niliandika "vizuri". Nikageuza ukurasa.

Mnaoniuliza kila siku nini kilitokea Omani, na kwa nini nilirudi nikakaa siku nne bila kusalimiwa na mtu wa nyumbani kwetu, someni. Sitasimulia tena kwa mdomo.

Kwanza mjue kwamba kusoma Kurani nilijua. Madrasa yetu ilinipa bakora za kutosha, nikahitimu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sauti yangu ilikuwa ya kuitwa mbele ya wageni. Lakini kusoma kwetu ni kwa herufi zilizotiwa irabu na nukta zote mahali pake, na maana tumewaachia masheikh. Mtu anaweza kusoma hivyo maisha yake yote, vizuri, mpaka wasikilizaji wakalia, na asielewe sentensi moja. Mimi hapa.

Sasa hati. Shangazi Mwanaidi, dada wa marehemu baba, ana hati ya ukoo iliyokunjwa kwenye kitambaa cha kijani ndani ya bati la biskuti. Hutolewa mara moja kwa mwaka, siku ya hitima ya wazee wetu, ikafukizwa udi. Siku hiyo Shangazi huyataja majina ya marehemu wote, na la mwisho kila mwaka ni Bi Tausi. Tulipokuwa watoto tulimwuliza Bi Tausi ni nani. Akasema, "Wa zamani."

Nilipofaulu kidato cha sita, Shangazi aliitoa hati nje ya msimu wake, akanikabidhi mbele ya watu kama arobaini.

"Soma, mwanangu. Sisi hatuna macho ya maandishi ya mkono."

Nikaikunjua. Mistari ilikuwa kama sisimizi wamekimbia juu ya karatasi. Irabu hakuna, nukta za kuhesabika. Sikuweza kusoma hata neno moja. Basi nikakaza macho kwenye karatasi, nikasoma dua ya kufungia darasa, ile niliyoijua kwa moyo tangu utoto, yote, kwa sauti nzuri. Watu wakaitikia amin.

"Inasema nini?" akauliza Shangazi.

"Inataja wazee wetu, Shangazi. Walivyotoka Arabuni."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani ni uongo wa mchana mmoja.

Miaka miwili baadaye Zena, binti wa Shangazi, ambaye tulilala naye kitanda kimoja utoto wetu wote, alichumbiwa na Rajabu wa Kerege, mkulima wa mananasi mwenye kicheko kirefu. Shangazi akakataa. "Sisi tuna hati," akasema, na hakuongeza neno. Nilikuwepo. Nilikuwa na sahani ya kaimati mkononi. Niliendelea kula.

Na mwaka juzi ikawa zamu ya Rukia, binti wa Zena, ambaye ni muuguzi. Anayemtaka ni Hamisi, fundi wa malori wa Msata, kwao Wakwere wakulima. Safari hii Shangazi hakukataa wala hakukubali. "Nuru anakwenda kwa Waarabu," alisema. Nuru ni mimi. "Akirudi ataisoma hati mbele ya pande zote mbili, kila mtu aelewe sisi ni nani. Ndipo nitatoa jibu."

Kwa hiyo chuo kilidhani nakwenda mwaka mmoja Omani kunoa Kiarabu changu kwa ajili ya utafiti. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta nilichokuwa nimesema nimekisoma.

Dunda mpaka Kerege

Asubuhi ya kuondoka Shangazi alinitaka nitawadhe ndipo aniruhusu kuipiga hati picha kwa simu. Hati yenyewe ilibaki kwenye bati lake. Nikapiga picha kumi na moja, naye amesimama nyuma yangu akinong'ona, kana kwamba simu ingeweza kuuramba wino.

Zena alinisindikiza kwa gari la jirani. Kerege tairi likapasuka. Dereva akaenda kutafuta fundi, sisi tukakaa kando ya barabara kwenye meza ya mananasi, tukamenyewa moja, na jingine.

"Ningekuwa na meza yangu hapa," alisema Zena, huku anajifuta kidevu. "Ningekuwa nawauzia abiria wenye haraka."

"Ungefurahi?"

"Ningenenepa." Akatazama barabara. "Si vibaya kunenepea mahali unapopapenda, shoga."

Rajabu ana wajukuu sasa. Hilo tulilijua wote wawili. Zena aliolewa na mtu wa hadhi, akaachika kabla Rukia hajajifunza kutembea.

"Nuru, isome vizuri hiyo karatasi," akasema. "Mwanangu asije akakaa kando ya barabara kula mananasi ya watu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kumwambia. Tairi lilichukua saa nzima kuzibwa. Saa nzima nilisifu mananasi.

Uwanja wa ndege

Ndege ilichelewa saa saba. Karibu yangu alikaa mwanamke wa Singida, Mariamu, anayerudi Muscat kufanya kazi za ndani. Alitazama baibui langu na miwani yangu, akaniamkia, kisha akaomba nimsaidie kusoma ujumbe wa bosi wake.

Sijui ni uchovu au ni yale mananasi. Nilisema, "Mdogo wangu, mimi sijui Kiarabu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema. Nilingoja paa la uwanja lianguke. Mariamu alitafuna karanga zake.

"Basi dada utateseka," akasema. "Mimi kuongea naongea, nimekaa kule miaka miwili. Ni kusoma ndiko sijui."

Tukagawana kazi. Nilimtamkia herufi za ujumbe kwa sauti, naye akaniambia maana yake. Bosi alikuwa anauliza kama anakuja na dagaa. Mimi msomi wa chuo na yeye wa jikoni, tukiwekwa pamoja, tulifanya mtu mmoja anayejua Kiarabu. Saa saba zile alinifundisha majina ya vyombo, nguo, maradhi na namna tatu za kukataa. Hizo za kukataa zilinifaa kuliko zote.

Muscat mpaka Nizwa

Nilifika nimejiandaa kuzama kwenye Kiarabu. Dereva aliyenipokea alisikia salamu yangu, akageuka: "Wa wapi, mama? Bagamoyo? Mimi bibi yangu kwao Pemba." Njia nzima mpaka Nizwa, saa mbili za milima mikavu isiyo na jani, alinihadithia kwa Kiswahili bei ya mbuzi.

Mwenye nyumba wangu, Bi Salma, alizaliwa Unguja, akaletwa Omani akiwa mtoto. Tangu siku ya kwanza alinikamata kama redio iliyopata mawimbi.

"Bi Salma, nimekuja kujifunza Kiarabu. Naomba tuzungumze Kiarabu."

"Haya, mwanangu. Kesho. Leo nipe habari za Darajani."

"Mimi si wa Unguja."

"Basi nipe hizo za kwenu."

Niliota tende na kahawa na halwa; halwa niliipata, lakini chakula cha kila siku kilikuwa wali wa nazi, mchuzi wa pweza na mandazi ya iliki, kwa sababu Bi Salma alikata shauri kwamba nina huzuni ya kwetu. Huzuni yangu ilikuwa kwamba nimevuka bahari nikayakuta mandazi yaleyale.

Darasa la kwanza

Siku ya kupangiwa madarasa, Ustadh Nasir alitupa kila mmoja ukurasa tuusome. Ulikuwa na irabu zote. Nikausoma. Sauti ilirudi yenyewe, ghuna za puani na mada za kuvuta mahali pake, mpaka Mturuki aliyekaa mbele yangu akaacha kutafuna kalamu. Ustadh alifuta machozi, akaniandika darasa la juu kabisa.

Siku tatu nilikaa huko nikitikisa kichwa penye kutikisa. Siku ya nne nikasoma tena, Ustadh akauliza swali fupi. Nilijibu, "Naam." Akauliza tena, polepole. "Naam," nikasema, kwa heshima zaidi. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba Ustadh anauliza kifungu kinasema nini.

Swali lilelile. Miaka thelathini na miwili, bahari katikati, swali lilelile.

"Sijui," nikasema. Kwa Kiarabu, Mariamu alikuwa amenifundisha hilo.

Ustadh hakucheka. Alinishusha mpaka darasa la kwanza, la watoto wa miaka ishirini, ambako Mkorea mmoja mwenye chunusi alinisahihisha kwa adabu kubwa kila nilipofungua kinywa. Tulijifunza "huu ni mlango". Tulijifunza "mlango ni mkubwa". Msimamizi wangu wa utafiti, mtu mpole, aliposikia aliniandikia kwamba kwa umri wangu si aibu kutafuta mtu wa kunitafsiria, nami nikazanie uchambuzi. Nilimjibu kwa mstari mmoja: nitasoma mwenyewe. Kisha nikarudi kwenye mlango mkubwa.

Sikuwa hodari. Sitaki mdhani baada ya mwezi niliamka najua. Mtihani wa kwanza nilishika mkia, wa pili nikampita mtu mmoja aliyekuwa na homa. Bi Salma nilimwekea sharti: kabla ya Alasiri, Kiarabu tupu, la sivyo simpi habari yoyote ya pwani. Alitii ndani ya siku mbili. Njaa ya habari ni kali.

Herufi zisizo na nukta

Mwezi wa tisa Ustadh Nasir alianza kutufundisha kusoma maandishi ya mkono ya zamani. Nikamwonyesha picha zangu. Alizikuza kwenye kioo cha simu, akanyoosha kiganja.

"Niachie dakika mbili nikusomee."

Hapo ndipo nilipotumia namna ya tatu ya kukataa.

Zilinichukua siku kumi na tisa. Niliandika kila neno kwenye kipande chake cha karatasi, nikavipanga mezani kwa Bi Salma, na aliyehamisha kipande alikosa amani mpaka usiku. Siku ya kumi na tisa, baada ya chai, vipande vikawa sentensi. Naziandika hapa kama zilivyo.

*Nimemwacha huru mjakazi wangu Tausi, pamoja na mtoto aliye tumboni mwake, kwa kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu na kuogopa siku ya hesabu. Baada ya leo hakuna mtu mwenye njia juu yao.*

Mwanzoni, mahali pa jina la bwana aliyeandika, mchwa wamekula. Yeye hayupo. Tausi yupo, herufi zote.

Na mtoto wa tumboni, kwa hesabu ya vizazi, ni babu yake Shangazi, huyo huyo niliyesema alitoka Arabuni. Hakutoka popote. Alizaliwa Bagamoyo, nyumbani kwake, na mama yake alipokuwa na mimba yake alikuwa mali ya mtu.

Nililia kidogo. Halafu, na hili nalisema wazi, nikasikia kiburi ambacho nasaba yangu ya kubuni haikuwahi kunipa. Mwanamke huyu alipata karatasi moja katika maisha yake, akaishika. Wanawake wa kwetu wameishika baada yake, mmoja baada ya mwingine, bila kujua kusoma.

Bi Salma alisoma juu ya bega langu. Alikaa, akarekebisha mtandio wake.

"Mwanangu, usiende kuyasema haya. Hukumu itamwangukia yule binti anayetaka kuolewa. Waambie ni nasaba. Huko kwenu nani ataijua?"

"Hesabu hiyo nilishaipiga nikiwa na miaka kumi na tisa, Bi Salma."

"Na ilikulipa."

"Ilimlipisha Zena."

Alinitazama sana. Kisha akaenda jikoni, akarudi na mandazi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Kurudi Dunda

Kikao kilikuwa Jumapili, barazani kwa Shangazi. Watu wa Msata walikuwa watatu: Hamisi, mama yake, na Mzee Kibwana, baba yake mkubwa, aliyekuja na gunia la mahindi na kofia mpya. Shangazi aliketi na bati mapajani. Rukia alisimama mlangoni na sare yake ya kazini.

Nikaanza na habari ya ile dua. Nikasema, siku ile sikusoma hati, nilisoma dua ya kufungia darasa, kwa sababu sikujua kusoma. Kisha nikaichukua hati nikaisoma, Kiarabu kwanza, halafu Kiswahili. Haikuchukua dakika tatu.

Rukia ndiye aliyeuliza, kwa sauti yake ya wodini: "Alikuwa na mimba ya miezi mingapi?"

"Haikusema."

Shangazi aliinyoosha mikono, akachukua karatasi, akaikunja, akaingia ndani. Tulisikia komeo. Watu wa Msata walingoja, wakatazamana, Mzee Kibwana akavaa kofia yake. Mtu anapojifungia ndani wageni wakiwa barazani, wageni hujua wamejibiwa. Waliondoka. Gunia waliliacha.

Zena hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Pwani nzima ina wanaume, Nuru," alisema. "Ukanikosesha yule mmoja kwa sababu uliona haya kusema sijui."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa ile siku. Na thelathini je? Na arobaini?"

Siku nne hakuna aliyeniitikia salamu. Shangazi alitoka chumbani kwa ajili ya udhu tu. Siku ya tano Zena alinikuta uani, akaongea na ukuta uliokuwa nyuma yangu. "Kuna watu Msata wanadhani wamefukuzwa. Nenda wewe ukawaambie hawakufukuzwa."

"Na Shangazi akisema walifukuzwa?"

"Wewe si ndiye msomaji. Nenda."

Msata

Nilishuka kwenye njia panda saa nne asubuhi, malori yakipishana kwenda Chalinze na Segera. Kwa Mzee Kibwana nilipelekwa na muuza machungwa. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mama yake Hamisi. Hawakuniuliza nimefuata nini. Waliniletea mkeka, chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha wenye chumvi, nami nikapukuchua pamoja nao, vibaya.

Mwishowe nikasema. Kwamba hawakufukuzwa. Kwamba kosa ni langu tangu mwanzo. Kwamba kama ni Tausi ndiye aliyewaondoa barazani, niambiwe mimi usoni, asilaumiwe Rukia.

Mzee Kibwana alimaliza gunzi alilokuwa nalo. "Mama, sisi wakulima. Ukituambia bibi yenu alikuwa mtumwa, tunajiuliza alilima shamba gani. Hatuondoki kwa hilo. Tuliondoka kwa sababu mwenye nyumba alifunga mlango. Akiufungua, tutarudi."

"Na asipoufungua?"

"Hamisi atabaki na malori yake."

Ndipo simu ikalia. Jina lilikuwa la Zena. Sauti ilikuwa ya Shangazi.

"Uko kwa hao watu?"

"Niko, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Fungua sauti, wasikie."

Nikaiweka simu juu ya mkeka, katikati ya mahindi.

"Siku ile ulisoma dua," alisema Shangazi.

"Ndiyo. Nilishakiri."

"Sikuulizi, nakwambia. Nimeongoza hitima za mtaa huu hujazaliwa. Unadhani dua ya kufungia darasa siijui? Niliitambua neno la kwanza. Nikaitikia amin kama wenzangu."

Nilishika gunzi kwa mikono miwili.

"Nilidhani umesoma, ukakuta aibu, ukaifunika kwa dua usinivunjie uso mbele ya watu. Nikasema mtoto huyu ana adabu. Alipokuja yule wa Kerege nikaogopa. Watu wakiungana nasi wataiomba hati, wataipeleka kwa mwenye kujua. Nikafunga mlango. Na huyu wa Msata nikakungoja wewe, nikidhani safari hii utanipa ruhusa ya kuufungua. Miaka yote hii nalinda siri yako, Nuru. Kumbe hukujua kusoma."

"Sikujua, Shangazi."

Simu ilitoa sauti ambayo sijui ilikuwa kicheko au kupenga kamasi.

"Nimekaa na Tausi siku nne. Kila mwaka namtaja wa mwisho, kama mtu aliyepita njia. Kuanzia hitima hii anatajwa wa kwanza. Mzee Kibwana yupo?"

"Nipo, mama."

"Mjukuu wangu ni wa Tausi. Mnamtaka?"

Mzee Kibwana alimtazama mama yake Hamisi. Mama alikuwa ameshaanza kujifunga kanga ya pili. "Tunamtaka," akasema Mzee.

"Njooni Ijumaa ijayo baada ya swala. Mlango utakuwa wazi. Na gunia lenu tumelila, msiulize."

"Shangazi," nikasema, "Zena yupo?"

"Yupo. Hataki kusema na wewe bado. Lakini simu ni yake, na kabonyeza mwenyewe." "Siku ya nikaha utaisoma hati. Yote. Kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, mpaka wa nyuma wasikie."

"Nitasoma, Shangazi."

"Na dua usiiguse," akasema. "Dua nitasoma mimi."

Akakata.